Mafuta ya kula na mifupa baada ya kukoma hedhi: maswali na majibu

Kwa nini mifupa hudhoofika hedhi ikishakoma?

Mfupa ni kiungo hai. Kuna seli zinazoumega kidogo kidogo, na nyingine zinazojenga palipomegwa. Homoni ya estrojeni huzizuia zile zinazomega zisipite kiasi. Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka na ubomoaji huuzidi ujenzi. Miaka mitano hadi saba ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi: mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake bila kuhisi maumivu. Inasikitisha kwamba wengi hugundua baada ya kuteleza bafuni na kuvunjika nyonga.

Nimeshauriwa niache mafuta kabisa. Mifupa itapona?

Hapana, na hili lilipimwa. Kuanzia mwaka 1993, utafiti mkubwa wa afya ya wanawake nchini Marekani uliwaandikisha wanawake 48,835 wa miaka 50 hadi 79, wote waliokwisha koma hedhi. Baadhi yao walifundishwa kupunguza sana mafuta na kuongeza mboga, matunda na nafaka. Baada ya miaka kama minane, walivunjika mifupa sawa tu na wenzao walioendelea kula kama kawaida. Tena mwili unahitaji mafuta kiasi ili ufyonze vitamini D na K, ambazo mifupa inazitegemea. Na mwanamke aliyekonda kupita kiasi yumo hatarini zaidi, kwa hiyo mama mwembamba anayeogopa hata kijiko cha mafuta kwenye mboga anajiumiza bure.

Je, aina ya mafuta ina uzito?

Inaelekea hivyo. Katika utafiti huohuo, waliokula zaidi mafuta ya aina inayoganda, kama ya nyama na siagi, walivunjika nyonga mara nyingi zaidi. Wanawake hao walifuatiliwa tu, hawakupangiwa mafuta ya kula, kwa hiyo huenda mambo mengine ya maisha yao yamechangia. Hata hivyo ushauri unakwenda njia moja na ule wa moyo, ambao nao huanza kuwa hatarini zaidi umri huu: samli, siagi na mafuta ya nazi yawe kidogo, alizeti, ufuta, karanga na parachichi vichukue nafasi yake. Sisemi mtu wa pwani aache tui. Apunguze wingi, asiliweke kwenye wali na mchuzi wa siku hiyohiyo.

Na vidonge vya mafuta ya samaki?

Usivinunue kwa ajili ya mifupa. Ushahidi wake hautoshi. Pesa hiyo nunua dagaa. Dagaa huliwa na mifupa yake, na humo ndimo kalsiamu ilimo, pamoja na protini ambayo wazee wengi hawaipati ya kutosha.

Kalsiamu kiasi gani?

Baada ya miaka 50, mwanamke anahitaji miligramu 1,200 hivi kwa siku. Kikombe cha maziwa au mtindi kina takriban 300. Sukuma wiki ni nzuri. Mchicha una kalsiamu pia, ila sehemu kubwa haifyonzwi. Vidonge vya kalsiamu viulize kwa daktari kwanza, maana watafiti hao wa Marekani waliona vinaongeza mawe kwenye figo.

Jua je?

Ngozi ndiyo inayotengeneza vitamini D. Anayejifunika mwili mzima akitoka apate muda wa kuota jua mikono na miguu uani kwake.

Nani asisubiri?

Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 45, aliyetumia vidonge vya steroidi (dawa za kutuliza uvimbe mwilini) kwa miezi, ambaye mzazi wake alivunjika nyonga, aliyepungua kimo au kuanza kuinama mgongo, na yeyote aliyevunjika kwa kuanguka akiwa amesimama tu. Huyo wa mwisho asirudishwe nyumbani na plasta peke yake. Aombe mifupa yake ichunguzwe, kwa sababu dawa za kupunguza ubomoaji wa mfupa zipo, na aliyekwisha vunjika mara moja ana uwezekano mkubwa wa kuvunjika tena.