"Mark" si maksi tu: tunayokosea kuhusu maneno ya Kiingereza ya alama

Neno "mark" wengi wetu tulikutana nalo darasani: maksi za hesabu, maksi za insha, kalamu nyekundu. Ndiyo maana ukimwuliza mtu maana yake atakujibu alama za mtihani, au doa kwenye shati. Kwa Kiingereza cha leo hajakosea. Makosa huanza tunapoingia nayo maana hiyo kwenye maandishi ya zamani, na mimi ninayefundisha tafsiri naona jinsi yanavyowaponza wanafunzi wazuri kabisa.

Dhana: "Mark" lilianza kama doa au maksi

Halikuanza hivyo. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka 1066, liliandikwa "mearc", na mojawapo ya maana zake kuu ilikuwa mpaka: linapoishia shamba la huyu na kuanza la yule. Kitu kilichosimikwa pale mpakani nacho kikaitwa hivyohivyo, kisha neno likaenea hadi kwa ishara ya aina yoyote. Maksi za shule zilikuja karne nyingi baadaye.

Aliyekulia Kilimanjaro haoni ugumu hapa. Masale yakipandwa kwa mstari kati ya vihamba viwili, yaani mashamba ya nyumbani,, ni mmea, ni alama na ni mpaka kwa wakati mmoja. Huhitaji kuuliza kipi kilitangulia.

Na mpaka ule bado unasomeka kwenye ramani. "Denmark" ndani yake mna Wadani na "mark" hiyohiyo ya mpakani. Mercia, ufalme wa zamani wa katikati ya Uingereza, maana yake ni watu wa mpakani. Eneo linalotenganisha Uingereza na Wales huitwa "the Marches", na cheo cha "marquess" asili yake ni bwana aliyekabidhiwa ulinzi wa maeneo kama hayo. Hata "margin", ule ukingo mweupe wa daftari, linatokana na neno la Kilatini la ukoo huohuo.

Dhana: Basi "Mark", "March" na "market" ni ndugu

Mwezi wa Machi umepewa jina la Mars, mungu wa vita wa Warumi, na jina Marko kwa kawaida huhusishwa naye pia. "Market" limetoka kwenye neno la Kilatini la biashara. Hakuna mpaka wala alama humo.

Dhana: "Score" ni neno la mpira

Hili ndilo nilipendalo kuliko yote. Liliingia Kiingereza kutoka lugha ya Waskandinavia wa kale, na maana yake ilikuwa mkato kwenye kijiti. Inaaminika mchungaji alihesabu mifugo, kila ikifika ishirini akachanja kijiti mara moja. Ndipo "score" likawa pia ishirini. Kwa hiyo Rais Lincoln wa Marekani alipoanza hotuba yake ya Gettysburg mwaka 1863 kwa "four score and seven years", alikuwa anasema miaka 87, akihesabu tangu 1776, Marekani ilipotangaza uhuru wake. Zaburi ya 90 katika Biblia ya Kiingereza ya 1611 nayo inaandika miaka sabini kama ishirini tatu na kumi.

Hazina ya mfalme wa Uingereza ilitunza hesabu zake kwa vijiti hivyo, na ukubwa wa mkato ulikuwa na kanuni. Pauni elfu moja: upana wa unene wa kiganja. Mia moja: unene wa kidole gumba. Ishirini: kidole cha mwisho. Pauni moja: punje ya shayiri iliyokomaa. Peni moja ilikuwa mchanjo mtupu, bila kutoa hata chembe ya mti. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu, kila upande ukachukua nusu yake; siku ya kudaiana nusu mbili zikikutanishwa, mikato lazima ilingane. Utaratibu huo ulikoma mwaka 1826. Oktoba 1834 shehena ya vijiti vya zamani ilichomwa kwenye matanuri chini ya Bunge la Westminster, moto ukazidi, na sehemu kubwa ya jengo ikateketea.

Kiswahili nacho kimepita njia hiyo ya ncha na mkato. Nembo, kabla ya kuwa ya kampuni au ya taifa, ilikuwa chale kwenye ngozi ya mtu.

Dhana: "Mark the man" ni kumwekea mtu alama

Zaburi 37:37 ya Kiingereza hicho cha 1611 inaanza "Mark the perfect man". Hapo "mark" ni kuangalia kwa makini. Katika tamthilia ya Shakespeare, mzimu wa baba yake Hamlet anaposema "Mark me", anamwambia mwanawe amsikilize vizuri.

Dhana: Alama ya Kaini ni laana

Kiingereza cha leo hutumia "the mark of Cain" kwa mtu aliyebeba aibu ya kumwaga damu, na watafsiri wengi huandika "alama ya laana" bila kufungua Mwanzo sura ya 4. Ifungue. Laana ipo, lakini iko aya ya 11. Aya ya 14 Kaini analalamika kwamba yeyote atakayemwona atamwua. Alama inakuja aya ya 15, na sababu yake imeandikwa palepale: asiuawe.