Mashine nzito kuingia banda la gari: dhana zinazovunja vyuma na miguu

Fundi anastaafu, ananunua mashine ya kukerezea vyuma iliyotumika, anaipakia Gerezani, Dar es Salaam, na kuipeleka nyumbani Goba, kwenye banda lililokuwa la gari. Kila anayempa ushauri anazungumzia uzito. Anayetaja kupinduka ni nadra, wakati hapo ndipo wengi wanapoumia.

"Vijana kumi wanatosha."

Mashine ya kukereza ya karakana ya kawaida ina kilo 600 hadi tani moja hivi. Gawanya kwa kumi, mdomoni hesabu inakubali. Lakini wanaopata pa kushika ni watano au sita, na panaposhikika kwa urahisi ndipo pasipotakiwa kuguswa: skrubu ndefu inayopita mbele ya kitanda (ule mwili mrefu wa mashine), fimbo iliyo chini yake, vishikio vya magurudumu. Skrubu hiyo ikipinda kidogo tu, nyuzi za bolti utakazokata hazitakaa sawa tena. Na kijana mmoja akiteleza, mzigo wake unamhamia jirani papo hapo.

Watu watatu watulivu wanafanya kazi hiyo vizuri zaidi, wakiwa na mtaimbo, jeki, vipande vya mbao ngumu na mabomba manne ya chuma. Inua ncha moja sentimita mbili, weka mbao, nenda ncha ya pili. Mabomba yakishaingia chini, watu wawili wanaisukuma tani nzima kwenye sakafu tambarare. Bomba likikaa upande, linanyooshwa kwa kuligonga na kijiti, kamwe si kwa vidole.

"Ni nzito, haiwezi kuanguka."

Kinyume chake. Mashine hizi zimebeba uzito juu, na mwingi uko upande wa kichwa, penye gia na mota, huku miguu ikiwa myembamba. Kabla ya kuinyanyua, vua lile domo linalobana chuma, kisha sogeza sehemu inayobeba kisu hadi mwisho wa mkia na uifunge, ili mizani irudi katikati. Mkanda wa kunyanyulia upite chini ya kitanda chenyewe. Ikianza kuinama, kimbia, usiizuie kwa bega. Mashine hununuliwa nyingine.

Ndani ya gari dhana hiyohiyo hujitokeza kwa sura nyingine: eti uzito wake utaituliza. Dereva akifunga breki ghafla mbele ya tuta, chuma chenye mafuta kwenye bodi ya chuma huteleza, kiwe kilo 50 au tani. Fungia mikanda pande nne, na chini yake weka mbao au mpira.

"Chuma hakivunjiki."

Kitanda na miguu ni chuma cha kumiminwa kwenye kalibu. Kikidondoka hata kutoka kimo kidogo kinaweza kupasuka kama chungu, na kukichomelea kunataka vijiti vya nikeli na kukipasha moto kwanza. Wachomeleaji wengi wa mtaani watakubali kazi hiyo haraka mno.

"Sakafu itapasuka."

Mara nyingi haipasuki. Prado ina zaidi ya tani mbili, na zege lililoibeba halitashindwa na nusu ya hapo, ingawa vigae vyenye uwazi chini yake vitavunjika, kwa hiyo weka bamba la chuma chini ya kila mguu. Ninachokiogopa mimi ni njia ya kuingilia: mfuniko wa karo la maji taka, ambao Fuso lililopakia likiukanyaga, unatitia. Tafuta lilipo karo kabla gari halijaingia getini. Kama njia ina mwinuko, mita moja kwa kila kumi, mashine ya tani moja inavutwa kushuka kwa nguvu ya kama kilo 100, na mabomba hayana breki. Hapo inavutwa kwa winchi ya mnyororo, na upande wa chini hasimami mtu.

"Ikishatua, washa."

Nyumba nyingi zina umeme wa fezi moja na mota za karakana ni za fezi tatu. Si lazima uvute laini mpya. VFD, kifaa cha kielektroniki cha kuendeshea mota, inapokea fezi moja ya volti 230 na kutoa tatu, mradi kibao cha mota kionyeshe 230/400 na fundi umeme aiunganishe kwa delta, yaani mtindo wa pembetatu. Jaribu bila domo kwanza. Mota ikizunguka kinyume, kwenye mashine za zamani domo la kufungwa kwa nyuzi linaweza kujifungua na kuruka. Zima umeme, badilisha nyaya mbili kati ya tatu zinazokwenda kwenye mota.

Kisha kusawazisha. Pimamaji ya mwashi haioni msokoto mdogo wa kitanda. Kereza kipande cha chuma kinene kilichoshikwa upande mmoja tu, kisha pima kipenyo karibu na domo na kwenye ncha. Vikitofautiana, rekebisha bolti za miguu ya upande wa mkia kidogo kidogo, ukereze tena, hadi vilingane.