Usalama wa mtandao si wa mabingwa wa programu pekee

Wengi huamini kwamba huwezi kuingia kwenye kazi za usalama wa mtandao bila kuwa bingwa wa kuandika programu, tena uwe umeanza utotoni. Imani hiyo inaeleweka: filamu hutuonyesha vidole vikikimbia kwenye kibodi, basi.

Kazi zenyewe ni pana zaidi. Wapo wanaokagua sera, wanaofundisha wafanyakazi kutambua barua pepe za ulaghai, na wanaosoma kumbukumbu za mifumo, yaani rekodi za kila kinachotendeka kwenye kompyuta. Mchukue huyu wa mwisho: anaona akaunti moja imekosea nywila mara 40 ndani ya dakika moja, saa tisa usiku, kisha jaribio la 41 likakubaliwa: huenda kuna mtu aliyekuwa akibahatisha nywila hadi akaipata. Hapo kinachotakiwa kwanza ni jicho kali na udadisi. Kujua kuandika programu kunasaidia, sikatai, na kwa wanaochambua virusi vya kompyuta ni lazima. Lakini wengine hujifunza wakiwa kazini.

Ukitaka kuhakikisha, soma matangazo kumi ya kazi za ngazi ya chini, uhesabu ni mangapi yanadai uandishi wa programu. Na ukipata mtu wa kukushika mkono, mwombe akusimulie kazi aliyoifanya jana. Vyeti vyake vinaweza kusubiri.