Mbwa hakusahau njia, hajawahi kuijua

Naandika hii nikiwa bado na moto kidogo, mnivumilie. Mashindano ya kimataifa ya ajiliti, ule mchezo wa mbwa kupita vikwazo kwa mpangilio huku mtu akimwongoza, siku ya timu, mbwa wetu wa nne anaingia kwenye handaki, lile bomba la kupita ndani, ambalo siyo kikwazo chake kinachofuata, refa anapishanisha mikono juu ya kichwa, tumeenguliwa, na kabla sijashusha hata pumzi kaka mmoja aliyekaa nyuma yangu ananigusa bega ananiambia, "Pole kocha, naona mbwa amesahau njia."

Amesahau njia! Hiyo sentensi nimeisikia sijui mara ngapi. Nimeisikia kwa ndugu zangu, kwa waandishi wa habari, kwa watu wanaotuaga tukiwa tunasafiri, hadi kwa watu wanaofuga mbwa wenyewe, na siku zote naitikia kwa kichwa nanyamaza. Leo sinyamazi.

Mbwa hajui njia. Hajawahi kuijua. Anauona uwanja kwa mara ya kwanza akiwa amekaa mstarini anasubiri kuachiwa, na hata hapo haoni njia, anaona viunzi vya kuruka, mahandaki, paa la kupanda na kushuka, daraja, fito za kupita akijipinda, vyote vimetawanyika, na zile namba zilizowekwa pembeni ya kila kikwazo yeye hasomi. Njia inachorwa na refa, vikwazo 15 hadi 22, na ramani hatupewi nyumbani tukalale nayo. Tunaingia uwanjani kwa miguu bila mbwa, dakika 7 au 8 hivi, waongozaji wengi kwa mpigo, kila mtu kanyoosha mkono anaongea na mbwa ambaye hayupo, anageuka, anarudi, anahesabu hatua, anafumba macho anaipita tena kichwani. Muda ukiisha mnatoka. Basi. Anayekariri ni mtu, na mtu ndo anasahau, nimeona mabingwa wakisimama katikati ya uwanja hawajui pa kwenda huku mbwa anawatazama usoni anasubiri.

Najua kinachowachanganya watu. Siku moja kabla kila timu inapewa dakika zake za kujaribu vifaa, mbwa anapanda paa, anazoea sakafu, anaonja ubao wa bembea unashuka kwa kasi gani manake kila mtengenezaji ana ubao wake na mbwa asiyeuzoea anaweza kuogopa. Mtu anaona hayo anasema kumbe wanaifanyia mazoezi njia. Hapana. Vifaa tu. Njia ya kesho haipo uwanjani siku hiyo.

Kama umewahi kuangalia farasi wakiruka viunzi basi umeshaelewa nusu, manake ajiliti ilitokea huko, onyesho la kwanza lilifanyika kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, Uingereza, mwaka 1978, la kuwaburudisha watu kati ya shughuli nyingine za siku, na waliobuni waliiga farasi. Mpanda farasi naye anatembea njia kwa miguu na farasi hajui kitu. Ila yeye amekaa juu ya mnyama, ana hatamu mkononi, ana miguu ya kubana mbavu. Sisi mbwa hana kamba, mkononi huna chakula wala mpira, huruhusiwi kumshika wala kumsukuma. Umebaki na mwili wako na sauti yako, na mwenzako yuko mita 10 mbele yako anakimbia.

Sasa hapa ndo nataka tukae, kwa sababu hapa ndo kila kitu kilipo.

Mbwa wa kundi la wakubwa, kwa FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, ni kuanzia sentimita 48 begani, wale wazuri wanakwenda mita 5 hadi 6 kwa sekunde. Kiunzi hadi kiunzi ni mita 5 hadi 7. Maana yake kila sekunde, au sekunde na ushee, kuna kiunzi kipya, na mbwa anaamua atatua wapi na ataelekea wapi kabla miguu haijaacha ardhi. Siyo akiwa hewani. Ukimwambia kulia akiwa hewani umeshachelewa, ama atatua mbele kwanza halafu ndo ageuke, ambapo umepoteza muda, ama atajikunja hukohuko juu agonge mti wa kiunzi uanguke, pointi 5 za adhabu. Afu jukwaani wanasema mbwa mzembe. Mti mwingi unaoanguka kwenye kiwango kile umeangushwa na mtu aliyechelewa kusema, japo kuna siku mbwa mwenyewe kachoka au kakosea hatua, hilo sikatai.

Na anasoma nini? Wengi wanadhani mkono. Mkono unaonekana sana kwenye picha ndo maana. Mbwa anasoma unapoelekea, kwa hiyo anasoma unyayo wako, kiuno chako, mabega yako, na kasi yako, ukiongeza mwendo maana yake tunakwenda mbele, ukipunguza maana yake tunageuka. Mkono unakuja mwisho kabisa, na mkono unaoelekea kulia juu ya miguu inayoelekea mbele ni kelele tu kwake. Kubadili upande ukiwa umemkabili, kubadili ukiwa umempa mgongo, kukata nyuma yake, zote hizo ni namna za kupeleka miguu yako mahali sahihi kabla yeye hajahitaji kuuliza. Mtu akiniambia mwanafunzi wake ana mikono mizuri namuuliza miguu je.

Turudi kwenye lile handaki.

Njia ilikuwa hivi: mbwa anashuka daraja, mbele yake moja kwa moja, kama mita 4 hivi, mdomo wa handaki umefunguka unamwangalia, na kikwazo halali ni kiunzi kilichoko kulia. Mtego wa kawaida kabisa, marefa wanaupenda. Dada aliyekuwa anaongoza tuliutembea naye mara sita. Alijua. Na alisema "kulia" kwa wakati, unaisikia kabisa kwenye video. Nimeiangalia ile video picha moja moja usiku ule hotelini hadi macho yakauma, na pale mbwa anapoweka miguu ya mbele kwenye rangi ya mwisho wa daraja, mguu wa kushoto wa dada bado unaelekea handaki, na uso wake umeinama, anaangalia miguu ya mbwa. Nusu sekunde nzima. Kwa hiyo mbwa akiwa kwenye kasi yote ameambiwa na mdomo kulia, na ameambiwa na mwili mzima mbele. Akaufuata mwili. Alitii! Tumemfundisha miaka mitatu kuufuata mwili na siku ile akaufuata.

Kwa nini dada aliinamisha macho? Kwa sababu ya hesabu ya timu, na hii watu hawaifuatilii. Timu inakimbiza mbwa 4, yanahesabiwa matokeo 3 bora, aliyeenguliwa anaandikiwa pointi 100. Wa kwanza wetu alikuwa safi, wa pili mti mmoja, wa tatu akaenguliwa kwenye fito, tena siyo kwa kosa kubwa, aliingia vibaya mara ya tatu. Wa nne hana pa kujificha. Na mimi, mlangoni, ndiye niliyemwambia dada maneno haya: hakikisha rangi. Nikimaanisha mbwa asiruke bila kukanyaga lile eneo la mwisho wa daraja, pointi 5 zile. Akaenda kuhakikisha rangi. Akaangalia rangi badala ya kugeuka. Sijalala vizuri tangu hapo kwa sababu ya maneno mawili niliyoyasema nikidhani nasaidia, na kaka wa nyuma ananiambia mbwa amesahau.

Kuna jambo lingine kwenye hii habari ya kukariri ambalo linaniudhi zaidi, ni watu wapya wanaokuja mazoezini na kurudia njia ileile mara nane mpaka mbwa aifanye bila kosa, wakarekodi, wakafurahi. Mbwa anayekariri ndiye tatizo letu kubwa! Mbwa ni mwepisi mno kushika mfululizo, mrudishie vikwazo vitano mara tatu tu, mara ya nne hakusikilizi tena, anakwenda anakojua. Siku ukimbadilishia kikwazo kimoja anakuacha pale. Ndo maana sisi tunafanya kipande mara mbili, tatu ikizidi, tunageuza: leo kulia, kesho handaki, keshokutwa mzunguko, vifaa vilevile havijasogea. Tunamfundisha kwamba hajui kinachofuata na kwamba jibu liko kwa mwenzake. Hiyo ndo kazi ya miaka. Kuruka kwenyewe mbwa yeyote mwenye afya anajifunza mapema tu.

Na kuna mambo sina uhakika nayo. Maneno, kwa mfano. Nimetoka kusema mwili unashinda sauti, na mara nyingi ndivyo, lakini nina video za mbwa ambaye mwongozaji wake yuko mbali, kaelekea vibaya kabisa, na mbwa akaenda sahihi kwa neno tu. Tukijaribu kurudia mazoezini, mara anafanya, mara hafanyi. Wapo makocha wanaofundisha maneno kumi na mbili tofauti ya kugeuka na mbwa wao wanashinda, wapo wenye maneno matatu na wanashinda. Sijajua nani yuko sahihi. Tena nikisema mbwa hakumbuki uwanja nasema kwa jumla, kuna mmoja wetu ambaye ningeapa kwamba mchana alikuwa anatafuta handaki lilipokuwa asubuhi. Halikuwepo tena, alichungulia palepale.



Miili yao ndo inanisumbua kuliko yote. Tafiti zilizowauliza wamiliki zimekuta karibu mbwa 1 kati ya 3 wa ajiliti ameshaumia wakati fulani, bega likiongoza. Mimi napasha moto mbwa wangu dakika kumi kabla, nawatembeza baada, nafanya kwa imani zaidi kuliko kwa ushahidi, na nikimwona anayechelewa kunyanyuka asubuhi namtoa kwenye orodha hata kama ndiye mwenye kasi. Safari moja niligombana na mwongozaji kwa hilo. Nitagombana tena.

Ukiangalia mashindano safari ijayo, mwache mbwa kidogo, tazama viatu vya mtu pale mbwa anapokaribia kuruka. Utajua anakoelekea kabla hajafika.

Dada tulikaa naye siku iliyofuata, nikamwonyesha video, nikamwambia kosa la maneno ni langu. Akaitazama mara mbili kimya. Halafu akaniomba nisogeze mbele kidogo, kwenye sehemu ambayo mimi nilikuwa sijaiangalia kabisa, ile baada ya refa kupishanisha mikono. Mbwa anatoka upande wa pili wa handaki, masikio yamesimama, hakimbii ovyo, anageuza kichwa kulia, kushoto, anamtafuta. Akishamwona anasimama pale akimtazama miguuni.

Siku ya mbio za mtu mmoja mmoja kulikuwa na daraja tena. Mlangoni sikusema kitu.