Kwa nini picha ndogo ya ubatizo wa Yesu imebaki, ilhali ile kubwa imetoweka?

Katika jumba la makumbusho la Metropolitan jijini New York kuna picha ya rangi za mafuta, iliyochorwa kwenye turubai kati ya 1713 na 1714, inayomwonyesha Yohana Mbatizaji akimbatiza Yesu katika Mto Yordani. Mchoraji wake ni Sebastiano Ricci, Mwitaliano mzaliwa wa Belluno aliyejijengea jina Venice, na upana wake ni kama mita moja tu. Anayeitazama huenda akadhani kwamba ndiyo kazi yenyewe. Sivyo: ilikuwa picha ya mfano, iliyotangulia mchoro mkubwa wa ukutani ambao leo haupo tena.

Ricci alikuwa Uingereza wakati huo, na miongoni mwa waliompa kazi alikuwemo Henry Bentinck, lodi mwenye cheo cha Earl wa Portland, aliyetaka kikanisa cha ndani ya jumba lake la Bulstrode, huko Buckinghamshire, kipambwe kwa matukio ya maisha ya Kristo. Mwenye mali wa zama hizo hakukubali kuta zake ziguswe kabla hajaona zitakavyokuwa. Ndiyo maana mchoraji alitengeneza kwanza picha ndogo yenye rangi kamili, ambayo Waitaliano huiita modello, akaipeleka kwa tajiri wake ili wakubaliane nani asimame wapi na mwanga utoke upande gani. Ilikuwa sawa na ramani ya nyumba ambayo fundi humwonyesha mwenye kiwanja kabla ya kuchimba msingi.

Ukisogelea picha za namna hii utaona jinsi rangi ilivyowekwa kwa kasi: kiganja kimetokea kwa miguso miwili mitatu ya brashi, na mkunjo wa vazi ni mstari mmoja mzito wa rangi nyeupe uliopitishwa kwa mkupuo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mkono wa Ricci unapojulikana vizuri zaidi, kwa sababu katika kazi kubwa za ukutani wasaidizi nao walishika brashi.

Chaguo la tukio nalo halikuwa la kubahatisha. Kwa Bulstrode, Ricci alichora pia mfano wa Karamu ya Mwisho, ambao sasa umo katika Jumba la Taifa la Sanaa jijini Washington. Ubatizo na Meza ya Bwana ndizo sakramenti mbili ambazo Kanisa la Anglikana linakiri kuwa ziliamriwa na Kristo mwenyewe katika Injili, tofauti na Wakatoliki wanaohesabu saba, na hivyo Mkatoliki kutoka Italia alikuwa akipamba nyumba ya ibada ya Waprotestanti kwa mambo waliyoyashika kwa dhati.

Jumba la kale la Bulstrode lilijengwa upya katika karne ya 19, na michoro ya kikanisa ikapotea pamoja na kuta zilizoibeba. Turubai, kwa upande wake, huondolewa msumarini, ikauzwa, ikarithiwa, ikavuka bahari. Anayetaka kuona ukubwa ambao Ricci aliukusudia anaweza kwenda London, katika kikanisa cha Royal Hospital, Chelsea, ambako mchoro wake wa Ufufuko ungali juu ya altare.