Mdoli wa karatasi wa kifalme ni nini hasa, na unatofautianaje na kitabu cha princess

Watu wengi wakiona kile kitabu chembamba chenye malkia kwenye jalada wanakiweka fungu moja na vitabu vyote vya watoto vya kuchorachora, kumbe kwenye familia hii kuna vitu vitatu na kila kimoja kina namna yake. Cha kupaka rangi hakina maelezo mengi, ni mistari myeusi tu unajaza mwenyewe. Cha stika, nguo zimechapwa kwenye karatasi yenye gundi mgongoni, unabandua unabandika juu ya mtu aliyechorwa ukurasani, na mara nyingi ukishabandika ndo basi, ukitaka kuitoa inachanika.

Mdoli wa karatasi sasa ndo wenyewe. Mtu amechapwa kwenye karatasi ngumu kama manila, amevaa nguo ya ndani au gauni jepesi tu, halafu kurasa zinazofuata zina nguo zake kwenye karatasi laini zaidi, kila nguo ina vile vipande vidogo vyeupe vinavyochomoza mabegani na kiunoni. Unakata nguo pamoja na hivyo vipande (hapa ndo watoto wengi wanaharibu, mkasi unapita navyo), unavikunja kwa nyuma na nguo inashika. Unavua, unavisha nyingine. Ni mchezo wa zamani sana, London walikuwa wanauza kitabu cha hivi tangu 1810, kampuni ya S. & J. Fuller, ila hicho kilikuwa na kichwa kimoja tu unakihamisha toka vazi moja kwenda lingine. Kwenye miaka ya 1930 mpaka 1950 ndo vilivuma kwelikweli hasa Marekani, maana maisha yalikuwa magumu na karatasi ni rahisi, na Elizabeth, yule aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza, na mdogo wake Margaret walishakuwa midoli ya karatasi wakiwa bado watoto.

Sasa kwa nini wafalme? Wengi watasema kwa sababu nguo zao nzuri, mi naona sababu ni kubwa kuliko hiyo: kutawazwa kwenyewe, kule Uingereza, ni kuvuliwa na kuvishwa mbele za watu, kwa mpangilio, na kila vazi lina saa yake.

Angalia tarehe 2 Juni 1953 pale Westminster Abbey, kanisa la London wanakotawaziwa. Elizabeth alikuwa malkia tangu Februari 6, 1952, siku baba yake alipofariki yeye akiwa Kenya, lakini kutawazwa ndo siku hiyo. Anaingia na gauni la satini nyeupe la mbunifu wa mavazi Norman Hartnell limedariziwa maua ya nchi zake, waridi la Uingereza, jani la mepo la Kanada, yungiyungi la India na mengine, juu yake joho jekundu la mahameli, kichwani taji dogo la almasi. Ikifika saa ya kupakwa mafuta joho linavuliwa, vito vinavuliwa, anavishwa kanzu nyeupe ya kitani isiyo na nakshi hata moja, na wanamfunika kwa kitambaa kilichoshikwa juu kwa miti minne, kamera zisione. Baada ya hapo ndo anavishwa dhahabu, koti la hariri ya dhahabu kwanza, halafu joho zito la dhahabu, halafu ndo taji la St Edward, la mwaka 1661, dhahabu tupu, uzito zaidi ya kilo mbili. Akitoka nje hatoki nalo hilo, anavaa taji jingine jepesi lenye uzito kama kilo moja, na joho la zambarau ambalo wadarizi 12 walilitengeneza kwa masaa 3,500.

Kwa hiyo mtoto mwenye mdoli mzuri wa 1953 anaweza kuifanya ibada nzima mezani kwa mpangilio wake, nyekundu, nyeupe, dhahabu, zambarau. Na hapo ndo unapopimia kitabu: ukikuta joho la zambarau limepewa taji la St Edward, mchoraji hakufuatilia. Ukikuta gauni la pinki na taji la njano basi, hicho ni kitabu cha princess, hakina ubaya, ila sio cha kifalme kwa maana ninayoizungumzia hapa. Tom Tierney, Mmarekani aliyechora mamia ya vitabu hivi kuanzia miaka ya 1970, ndo mfano wa mtu aliyekuwa anafuatilia nguo za kweli za historia, alimchora mpaka Henry VIII na wake zake sita.

Kuna nguo zinampa mchoraji shida kabisa. Gauni la harusi la Diana la 1981 lilikuwa na mkia wa karibu mita 7.6, ukilichora kwa kipimo halisi mdoli anakuwa mdogo kama kidole, kwa hiyo mkia inabidi uzungushwe mbele ya miguu au ukatwe katikati.

Cha kupaka rangi kina udhaifu hapo hapo, kwa sababu kwenye nguo hizi rangi ndo habari yenyewe, kuingia na nyekundu kutoka na zambarau, na kitabu kimekupa mistari mitupu. Mi namwekea mtoto picha halisi ya rangi pembeni, akitaka kijani apake kijani, ila awe ameiona.

Na kama kitabu ni cha zamani, usikate. Wakusanyaji wanalipa vizuri zaidi kile ambacho mkasi haujapita. Piga kopi ya rangi, nguo kwenye karatasi ya kawaida, mdoli kwenye manila, mtoto akate hizo, vipande vyote vikae kwenye bahasha maana mataji yanapotea wa kwanza.