Kufuli la mwenye nyumba

Wenye nyumba wengi ninaokaa nao hapa Sakina, Arusha, wanaiogopa sheria iliyokwisha kufa na kuipuuza iliyo hai. Sikia wanavyosema.

"Serikali itanipangia bei." Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ile ya 1984, ilifutwa 2005. Chumba na sebule utapangisha kwa bei mliyoelewana, hata ukitaka miezi sita kwa mkupuo. Wanaoapa kwamba miezi sita ni marufuku walisikia kauli za majukwaani.

"Hatukuandikishana, huyo si mpangaji." Ni mpangaji. Sheria ya Ardhi ya 1999 inakubali upangaji wa mdomo usiozidi mwaka mmoja.

"Asipolipa napiga kufuli." Hapa ndipo watu wanapoumia. Mzee jirani yangu alikuwa anadai laki na nusu. Mwezi wa tano, mvua haikatiki, akatoa vitu vya kijana wa watu uani: godoro, mtungi wa gesi, begi la vyeti. Godoro lilikauka. Vyeti vikashikana kama chapati, na mzee, mwenye haki yake kabisa, akageuka mlalamikiwa. Aliyepanga ana haki ya kukaa bila kubughudhiwa, na deni haliifuti haki hiyo siku ileile. Anza na notisi ya maandishi, ubaki na nakala. Ikishindikana, nenda Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu, halihukumu. Kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukipata amri, wa kumtoa mtu ni dalali wa baraza (siyo yule dalali aliyekuletea mpangaji akala kodi ya mwezi). Inachosha, sikatai. Kulipa vyeti vya mtu kunachosha zaidi.

"Mkataba una muhuri wa mtaa, umekamilika." Muhuri wa mwenyekiti si stempu. Ushuru wa stempu, unaolipwa serikalini, ni 1% ya kodi ya pango, na usipoulipia, mkataba wako unaweza kukataliwa kama ushahidi siku unapouhitaji.

"Mpangaji wa fremu ya duka ananipunja." Kama ni kampuni, ile 10% anayokata kwenye pango ni kodi ya zuio, anaipeleka TRA, mamlaka ya mapato, kwa niaba yako. Mdai cheti cha makato hayo. Na wa chumbani akikuambia LUKU, umeme wa kulipia kabla, imemkata kodi ya jengo, usimfokee: tangu 2021 inakatwa humo, na jengo ni lako.